Kopo Langu na Kopo la Dume

Naanza na ujinga, ili ukifika kwenye damu usije ukasema sikukuambia. Mwaka ule nikiwa kidato cha pili nilikula chakula cha ng'ombe. Sisemi nilikionja. Nilikula asubuhi na jioni kwa miezi mitano, nikakipika uji, nikakitia sukari, nikawakaribisha na rafiki zangu. Mashudu ya alizeti, pumba za mahindi, na ule unga wa madini wa kijivu unaowasha ulimi kama umelamba betri. Nilikuwa na sababu, na kwa kichwa cha miaka kumi na tano sababu yenyewe ilionekana akili tupu. Wenzangu walioniona nikila hawakunicheka. Waliuliza kama kimebaki.

Ningekaa na jambo hili hadi nizeeke kama Mama asingenituma Mazinde juzi, likizo hii kabla ya kurudi kumalizia kidato cha sita. Napita mbele ya bucha, nasikia mtu anaita, "Wee Kijiti!" Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu niende bweni. Nageuka, namkuta Hoza. Yupo nyuma ya gogo na shoka mkononi, anapasua uti wa mgongo wa ng'ombe, vipande vya mfupa vimemrukia mpaka kwenye kope. Amenenepa. Akatoka nje akichechemea, akapandisha suruali mguu wa kulia bila kujali akina mama waliokuwa wanasubiri maini, akanionyesha paja. Kovu limekaa kama mdomo unaocheka upande. "Mgosi," akasema, kama wanaume wa kwetu tunavyoitana, "mimi siku ile nilibebwa, mambo ya mwisho sikuyaona. Hivi mama yako alikwambia nini? Kila mtu ananipa lake." Nikamjibu kwamba alisema nimekua. Akacheka mpaka akaegemea mlango, akanikatia kilo ya steki, akakataa kabisa kulipwa. Nikapanda basi la milimani nayo mapajani, inavuja damu kwenye suruali yangu njia nzima, nami nikijua kwamba nimemdanganya mtu ambaye mguu wake ulinihusu. Kwa hiyo naandika hapa. Hoza hapendi kusoma, lakini ana watu wa kumsomea.

Mwaka ule nilikuwa mwembamba wa kuzaliwa, si wa njaa. Naomba hilo likumbukwe. Kwetu tunalima nyanya na kabichi, na kila mche wa nyanya unasimikiwa kijiti ili usilale chini. Watu waliponitazama waliona kile kijiti, jina likabaki. Nilikula makande sahani mbili nikaongeza ya tatu, na mwili haukushtuka. Hoza alikuwa kidato cha nne, na Jumamosi alimsaidia mjomba wangu Singano kuchinja, kwa hiyo alikuwa na mikono ya mtu mzima na mchezo wake mmoja tu, aliouita kupima. Anakukamata juu ya kiwiko, anazungusha kidole gumba na kidole cha kati. Visipokutana, unaachiwa. Vikikutana, kofi moja la kisogo. Vikipitana, kofi kwa kila pingili iliyopitiliza. Kwangu vilipitana pingili mbili. Kila asubuhi bombani, mbele ya wasichana wenye ndoo, kofi moja la kukutana na mawili ya kupitana, na kichwa changu kinalia ndani kama sufuria iliyoanguka.

Ningenyamaza, mambo yangeisha. Lakini mdomo wangu haukuwa mwembamba. Siku moja baada ya kofi la tatu nikauliza kwa sauti kama kuna mtu aliyewahi kumpima Hoza kichwa, maana ninahisi misuli imeingia mpaka kwenye ubongo. Watu walicheka. Ngumi aliyonipiga sikuiona ikija. Nilikaa chini kwenye tope, mdomo umejaa chumvi, nikatema kipande cha jino kiganjani na bado nikawa najaribu kufikiria cha kusema. Mwalimu wa nidhamu alitucharaza viboko sita sita, yeye kwa kupiga, mimi kwa kuchekesha. Nyumbani Mama akanitazama mdomo. Nikamwambia nimeanguka kwenye ngazi za shule. Akasema, "Hizo ngazi zina ngumi?" Kisha akanipozea uji.

Tatizo kubwa lilikuwa Idi. Nilipokuwa mdogo niliugua homa ya matumbo, wakanikatia tamaa, na Mama akaweka nadhiri: nikipona, atachinja dume aliyenona na nyama yote watakula watu. Ilimchukua miaka mingi kumpata dume mwenyewe. Sasa alikuwa bandani, ametimiza umri wa kuchinjwa, mweusi mwenye shingo nene, nami nilimwita Mkuu kwa sababu alikuwa na tabia ya kukutazama kama umechelewa gwaride. Nyama ya nadhiri mwenye nadhiri haigusi, hata ini. Na kwetu kuna desturi kwamba siku ya kuchinja, vijana humwangusha dume kwa mikono na kamba, na yule aliyewekewa nadhiri ndiye anayeshika pembe. Yaani mimi. Hoza, ambaye kazi yake ilikuwa kushika mkia, aliposikia alicheka kwanza, kisha akanivuta kola. "Ukiziachia pembe," akasema taratibu, "nakuvua shati palepale mbele ya mama zako wote, wahesabu mbavu. Na mimi ndiye nitakayewahesabia." Hiyo ilikuwa miezi mitano kabla ya Idi. Sikuogopa pembe. Niliogopa shati.

Rafiki yangu Kiondo, ambaye naye vidole vya Hoza vilikutana kwake, alikuwa anaazima simu ya kaka yake. Tulijificha nyuma ya banda tukaangalia mtu mwenye kifua kama kabati akieleza namna mwembamba anavyojenga mwili. Kula mara sita kwa siku. Mayai kumi. Kifua cha kuku. Unga mweupe wa kwenye kopo, kijiko kwenye maziwa. Kiondo akasema, "Kuku kwetu wana majina, nitamla nani?" Tukamfuata mwalimu wa baiolojia. Yule mama alituchukulia kwa uzito, jambo lililotutisha. Alisema wembamba wetu si ugonjwa, mwili wetu unachoma haraka tu. Kila mlo tuongeze kidogo. Maharage tusiyachambue kwenye makande tukaacha. Parachichi zinaoza chini ya miti na sisi tunazipiga teke, tule. Karanga, maziwa, viazi. Tubebe vitu vizito, tulale mapema. "Mwaka mmoja au miwili mtajiona," akasema. Tulitoka pale kama watu waliofiwa. Mwaka au miwili, na pembe zipo miezi mitano mbele.

Jioni ileile nilikuwa stoo, kile chumba cha mbao kati ya jiko na banda, nampimia Mkuu chakula chake. Chumba kinanuka mafuta ya alizeti na moshi, mwanga unaingia kwenye nyufa za mbao kama visu. Kwenye mfuko wa mashudu kulikuwa na picha ya dume mwenye mapaja makubwa kuliko mlango wetu, na chini yake, kwa herufi nene, neno protini. Lile neno nililitazama muda mrefu. Kisha nikapiga hesabu ambayo mpaka leo haina kosa, ila ina ubaya. Kila kopo nitakalokula mimi litaniongezea nguvu mimi, na litampunguzia nguvu yeye. Siku ya Idi tutakutana katikati, mimi nikipanda na yeye akishuka. Nikachota kopo la kwanza.

Chama kilikuwa na watu wanne: mimi, Kiondo, na wenzetu wawili wembamba wa darasani. Tulikutana stoo baada ya shule, saa ambazo Mama yupo shambani. Tulipika mashudu kwenye kopo la rangi juu ya mafiga matatu. Yana ladha ya kamba iliyolowekwa. Wiki ya kwanza sikupata choo siku nne, na siku ya tano choo ndicho kilichonitafuta, katikati ya mtihani wa jiografia. Kisha mazoezi. Tuliinua mawe ya kuzuia udongo kwenye matuta, na tukaanzisha kukaza tumbo: unasimama mikono nyuma, mwenzako anakupiga ngumi ya tumboni, usipoinama umepata daraja. Tulipigana kwa upendo mpaka Kiondo akatapika mashudu ukutani, mengine mazima mazima, kisha akajifuta mdomo na kusema, "Zamu yako, mgosi." Ilikuwa furaha ya ajabu kupigwa na mtu unayempenda. Nikirudi bombani asubuhi, makofi ya Hoza nilikuwa nayapokea kama kazi ya ziada. Kilichoteseka ni majani. Mimi ndiye niliyekuwa namkatia Mkuu gwatemala kwenye kingo za shamba, mizigo miwili kwa siku, na mazoezi yalinilia muda. Ikawa mzigo mmoja. Ikawa nusu, na juu naulegeza ujae upepo, uonekane mkubwa.

Mkuu akaanza kuonekana mifupa ya nyonga. Macho yake hayakubadilika, bado nilikuwa nimechelewa gwaride. Mjomba Singano alikuja siku moja kumkagua, nami nilikuwa stoo, mdomo umejaa, nasikia kila neno kupitia nyufa. "Nimempa dawa ya minyoo mara mbili, kaka," Mama anasema. "Kopo zake anapata asubuhi na jioni. Shabani ndiye anayempa, mwanangu hana mchezo na mnyama." Mjomba akaguna. "Labda jicho la husuda, dada. Watu wa huku wana macho." "Jicho gani hilo?" Mama akasema. "Jicho linakula mashudu?" Nilisimama pale na mashavu yamevimba, siwezi kutafuna wala kumeza. Mjomba akasema, "Nadhiri yako ulisema aliyenona. Mdomo wako ndio ulitaja. Usije ukampa Mungu kamba na ngozi." Nilisikia tu Mama anafagia, na alikuwa ameshafagia asubuhi.

Kesho yake kukawa na sufuria dogo juu ya rafu ya stoo, limefunikwa sahani. "Hayo makande ni ya dume," akaniambia akifunga kanga kwenda shambani. "Mchanganyie jioni." Nikafikiri ni ukoko, mabaki ya chini ya sufuria. Lakini tulipofunua yalikuwa makande ya haki, maharage mekundu, mazito, na nazi kidogo. Kiondo akasema, "Ng'ombe huyu anaishi." Tukayala yote kwa mikono, tukaramba sahani. Keshokutwa yake yalikuwepo tena, na siku zote zilizofuata. Wakati wa chakula nyumbani nilikuwa namwona Mama akitugawia sisi, kisha anainuka kutafuta kitu. Ukimwuliza anasema, "Nimeshakula shambani." Nilikuwa na mambo mengi ya kufikiria wakati ule. Nilikuwa napima mkono wangu.

Wiki moja kabla ya Idi nilikwenda sokoni nikajipima kwenye mizani ya karoti, nikining'inia kwenye ndoano kama gunia huku wachuuzi wakiuliza nauzwaje. Kilo tatu zimeongezeka. Nilitamani kuzitangaza kwenye kipaza sauti cha msikiti. Asubuhi Hoza aliponikamata bombani, vidole vyake vikakutana lakini havikupitana. Alishangaa, akavizungusha tena. Kisha akanipiga lile kofi moja nililostahili, kwa heshima kidogo, akasema, "Pembe hazipimwi na vidole, Kijiti."

Siku ya Idi, baada ya swala, watu walijaa uani kwetu na kanzu zao, wanawake juu kwenye ukingo wa jiko, visu vimelazwa kwenye majani ya mgomba. Mkuu akatolewa kwa kamba ya katani. Mjomba Singano akampapasa mgongo, akapitisha kiganja kwenye mbavu polepole, kama anayesoma. Akamtazama Mama. "Anapita," akasema, sauti ndogo. "Kwa shida, anapita." Mama akainamisha uso. Watu wote waliokuwa wamesikia habari za nadhiri kwa miaka yote ile wakamtazama dume, kisha wakamtazama yeye, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilianza kuyahesabu makopo niliyokula. Lakini pembe zilikuwa mbele yangu. Nikasema bismillah nikazishika.

Ile hesabu yangu ilikuwa imesahau kitu kimoja ambacho mtoto yeyote wa banda anakijua. Dume aliyenona anachoka upesi, anahema, anaanguka kama kabati. Dume aliyekondeshwa ana mbio, na ana hasira. Mkuu alirusha kichwa mara moja nikawa hewani, sijaziachia, nakumbuka vizuri kwamba sijaziachia, na tulipotua tulikuwa tayari tumevunja uzio. Tukashuka matuta ya kabichi, yeye anakimbia na mimi nimening'inia mbele yake kama tai ya shingoni, magoti yangu yanapasua kabichi moja baada ya nyingine, mawe ya kingo yananikwangua mgongo. Nilisikia shati likichanika lote. Kwenye tuta la tatu akanibamiza kwenye ukuta wa mawe, pumzi yote ikanitoka, mikono ikafunguka yenyewe. Nikalala chali naye akarudi hatua mbili, akashusha kichwa. Nilimwona mpaka ndani ya pua. Na wakati huohuo Hoza, ambaye alikuwa ameshikilia mkia matuta yote matatu kama mtu anayevuta lori, akauachia, akaruka katikati yetu na kunipiga teke la ubavu lililonitupa pembeni. Pembe iliyokuwa yangu ikaingia kwenye paja lake. Iliingia bila kelele. Ilipotoka ndipo Hoza alipolia, na damu ikaruka juu ya kanzu yake ya Idi, juu ya kabichi, juu ya uso wangu, ya moto kama uji.

Walimrukia Mkuu watu wanane, wengine kwa magongo. Walimpiga miguu mpaka akapiga magoti, wakamfunga, wakamgeuza kibla palepale kwenye tuta. Mjomba aliomba watu watoke damuni asiteleze, akakata. Hoza walimfunga kilemba cha mtu kwenye paja, wakampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, kichwa kinaanguka huku na huku, wakateremka naye hospitali. Hakuwa analia tena. Alikuwa ananitazama mimi, na niliona midomo yake inasema kitu, nikaogopa ni shati. Nilikuwa sina shati.

Walimchuna palepale. Mjomba alipofungua tumbo alitoa figo, akaliinua juu watu walione. Figo la dume aliyelishwa linakuwa limevaa mafuta meupe kama koti. Lile lilikuwa uchi. "Huyu hakuumwa," Mjomba akasema. "Huyu alinyimwa." Kiondo alikuwa amesimama karibu yangu, macho yapo kwenye damu ya Hoza iliyoanza kukauka kwenye majani, na ghafla akaanza kulia kama mtoto mdogo. "Ni sisi, Mama," akasema. "Tulikula sisi. Mashudu yote. Na yale makande ya kwenye sufuria dogo, siku zote, tulikula sisi." Nilingojea watu wacheke. Ungekuwa mzaha mzuri, nilishauandaa hata mwisho wake. Mjomba akachukua ile kamba ya katani, bado ina damu na povu, akaanza kunipiga nayo mgongoni pale nilipochunika. Sikukimbia. Nilihesabu. Nilifika kumi na moja.

Mama akashuka matuta akaishika ile kamba hewani. "Mpe mwenye mtoto," akamwambia Mjomba, naye akamwachia. Nikajua sasa nitapigwa na mwenye haki. Akainua mkono, na mimi, kwa woga tu, nikaudaka juu ya kiwiko. Kidole changu gumba kikakutana na kidole cha kati. Kisha vikapitana. Vikapitana pingili mbili, mkono ule ule uliokuwa ukinibebea ndoo mbili za maji kwa mpigo, na nikabaki nimeushika, naangalia vidole vyangu. "Nimeshakula shambani." Siku zote hizo. Wanawake wote walikuwa wanatazama mbavu zangu, zinaonekana zote, mtu angeweza kuzihesabu kutoka barabarani. Mama aliitupa kamba. Akafungua kanga yake ya juu akanifunika mabega, akaupitisha mkono wake ule mwembamba kwenye mbavu zangu, moja moja, akisimama kila penye damu. Nilitaka kumwambia habari za bombani, za vidole, za pembe. Nilitaka kumwambia kwamba sikuwahi kulala na njaa nyumbani kwake hata siku moja. Hakunipa nafasi. Sasa Hoza, alichosema Mama ni hiki, hakuongeza wala hakupunguza, na hajakirudia mpaka leo:

"Mwanangu, kama ulikuwa na njaa, mbona hukuniambia?"